Sauti Ndogo Baada ya Moto

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa jioni kanisani. Yamenakiliwa kutoka kwenye rekodi, na msemaji ameyapitia na kuyapunguza kidogo.)

Bwana Yesu asifiwe.

Nashukuru kwa nafasi hii. Mwenyekiti amenitambulisha vizuri mno, amesema mimi ni "dada yetu aliyeushinda ugonjwa wa akili". Baba, naomba nikusahihishe kwa heshima zote, maana tukianza na hilo tutapotezana njiani. Sijaushinda. Ninao. Nimekuja nao hapa, tumekaa wote pale kiti cha pili tangu pambio la kwanza. Unaitwa baipola. Ni ugonjwa unaompandisha mtu juu kupita kiasi, halafu ukamshusha chini kupita kiasi, na huu ni mwaka wa 17 tunaishi nyumba moja.

Jambo jingine: saa tatu kamili simu yangu italia. Msishtuke. Ikilia nitawaeleza.

Nianze na kitu ambacho kwa miaka mingi sikuthubutu kukisema mbele ya madhabahu. Wiki niliyomsikia Mungu kwa sauti kubwa kuliko wiki zote za maisha yangu ndiyo wiki niliyokuwa mgonjwa kuliko zote.

Nilikuwa na miaka 26. Usingizi ulikatika kama umeme. Usiku wa kwanza niliomba hadi alfajiri, nikaenda kazini nikiwa mwepesi kama unyoya. Usiku wa pili hivyohivyo. Kufikia wa nne kila kitu kilikuwa kinasema nami: namba za magari, rangi ya shati la mtu aliyekaa mbele yangu kwenye basi, tangazo la sabuni. Nikifungua Biblia, mistari ilikuwa inaniita jina. Nikawa naandika. Nilijaza madaftari matatu. Dada yangu aliyatunza, na baada ya miaka nilimwomba anionyeshe. Daftari la kwanza lina maombi ambayo hata leo ningeyasoma bila aibu. La pili mwandiko umekuwa mkubwa, maneno yanapanda hadi ukingoni mwa karatasi. La tatu lina ukurasa mzima wa neno moja tu, SASA, limeandikwa kutoka juu hadi chini, na mahali fulani kalamu imetoboa karatasi.

Na niseme ukweli: ilikuwa furaha. Watu hudhani wazimu ni mateso tangu mlangoni. Mimi niliingia nikiimba.

Kanisani nako walifurahi. Nilikuwa naomba masaa bila kukaa chini, wakasema, "Huyu binti ana moto." Jumapili ile wakanipa kuongoza ibada ya vijana, na ninavyoambiwa ilikuwa ibada ya kukumbukwa. Siku mbili baadaye nilikuwa nimegawa vyombo vyangu vya ndani kwa wapita njia, nikamwambia dada yangu kwamba shetani amemtuma anizuie. Kosa lake ni kwamba aliniambia nilale.

Dada alikwenda akarudi na watu watatu: jirani, mzee mmoja wa kanisa, na dereva wa teksi ambaye hata hakutufahamu. Wakanibeba. Sisemi kwa mfano. Huyu mguu huu, yule mguu ule. Ndani ya gari yule mzee aliimba pambio polepole njia nzima, kwa sababu aligundua kwamba nikiimba naye sihangaiki na kitasa cha mlango. Hakujua daktari angesema nini. Alijua pambio tu.

Hospitali walinipa dawa, zikanishusha. Zilipomaliza kunishusha, ugonjwa ukaendelea wenyewe na kazi hiyo.

Huko chini sina mengi ya kueleza, kwa sababu huko chini hakuna mengi. Nakumbuka asubuhi moja nimekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni, ya pili mkononi, nikiwa najaribu kukumbuka kinachofuata. Nilianza jua likiwa dirisha la kushoto. Dada aliporudi lilikuwa limehamia la kulia, na soksi bado iko mkononi. Hiyo ndiyo sonona ilivyonikuta mimi. Machozi yalikuja baadaye, na yalipokuja nilifurahi, maana angalau ni kitu.

Kuomba? Mnajua ile sauti ya kwenye simu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Ndivyo ilivyokuwa. Walewale waliosema nina moto wakasema moto umezimika. Mmoja akaona nina dhambi ya siri. Mwingine akaona laana ya ukoo, akataka majina ya babu zangu. Siwalaumu sana, walikuwa wanatumia vifaa walivyokuwa navyo. Lakini tazameni kilichotokea: walichokiita upako kilikuwa ugonjwa, na walichokiita kukosa imani kilikuwa ugonjwa uleule umegeuza upande. Wakaupigia makofi upande mmoja, wakaukemea upande mwingine.

Kutoka hapo likazaliwa swali ambalo lilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Ikiwa ile furaha yote ya wiki ile ilikuwa kemikali za ubongo zimevuka kingo, basi ni nini katika imani yangu ambacho si ugonjwa? Niliokoka nikiwa na miaka 15. Je, na hiyo? Nilimuuliza daktari. Alikuwa mtu mwema, akafikiri kidogo, akaniuliza nalala saa ngapi. Wakati ule nilidhani amekwepa swali.

Twende 1 Wafalme, sura ya 19. Mnaijua, lakini isomeni pamoja na ya 18. Katika sura ya 18 Eliya yuko Karmeli, moto umeshuka, watu wameanguka kifudifudi, na jioni yake anakimbia mbele ya gari la farasi la Ahabu hadi Yezreeli. Geuza ukurasa: mtu yuleyule yuko jangwani chini ya mti wa mretemu, anasema, "Yatosha, sasa, Ee Bwana, uiondoe roho yangu." Simpimi Eliya ugonjwa, hajawahi kuja kliniki yetu. Nasema tu kwamba sisi tulio na ugonjwa huu tukisoma kurasa hizo mbili zikifuatana tunajikuta tunacheka peke yetu.

Sasa angalieni malaika alifanya nini. Hakumwuliza imani yako iko wapi, na ile ya Karmeli ilikuwa ya juzi tu. Hakukemea kitu. Alimgusa, akamwambia inuka ule. Mkate juu ya makaa, gudulia la maji kichwani pake. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, mkate tena: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kulala, kula, kulala, kula. Mungu alikuwa na neno zito la kumwambia mtu huyu, lakini alilichelewesha hadi mwili upumzike. Siku nilipoliona hilo nilimkumbuka daktari wangu na swali lake la saa ngapi nalala, nikamwomba radhi moyoni.

Halafu Horebu. Upepo unaopasua milima, Bwana hakuwamo. Tetemeko, hakuwamo. Moto, hakuwamo. Na baada ya moto, sauti ndogo, ya utulivu. Mimi nilikuwa nimeishi wiki nzima ndani ya upepo na tetemeko na moto, nikaapa kwamba Bwana yumo. Nilipoletwa kwenye kimya nikaapa kwamba hayumo. Sura hii ilinigeuza kichwa. Tena sauti ile ndogo ilipokuja haikuja na tangazo. Ilikuja na swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Na baada ya Eliya kulalamika kwamba amebaki peke yake, akapewa kazi, akapewa Elisha wa kwenda naye, akaambiwa wako 7,000 ambao hakuwahesabu.

Kwa hiyo nimejifunza kuzitofautisha sauti, si kwa ukubwa wake. Sauti ya ugonjwa ina haraka. Haitaki kuulizwa, dada akiuliza kidogo, anageuka kuwa adui. Kila mara mimi ndiye niliye katikati ya mambo, dunia nzima inanisubiri mimi. Na inachukia usingizi kama paka anavyochukia maji. Lakini sauti ya Mchungaji mwema inaweza kungoja hadi asubuhi. Tumeweka utaratibu nyumbani: nikipata kile ninachodhani ni neno la Bwana, nalala kwanza usingizi wa kweli, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, ndipo namweleza dada, ndipo namweleza mchungaji. Neno la kweli halijawahi kuharibika kwa kukaa siku tatu. Ya uongo, mengi hayafiki siku ya pili.

[Hapa simu ya msemaji ililia.]

Hiyo hapo. Naomba maji, tafadhali. Ahsante, mama.

Hii inaitwa lithiamu. Msiogope kutazama, ni kidonge tu. Iligunduliwa mwaka 1817 ndani ya jiwe, na jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la jiwe. Mwaka 1949 daktari mmoja wa Australia, John Cade, ambaye alikuwa amekaa zaidi ya miaka mitatu akiwa mfungwa wa vita kule Singapore, aliandika kwamba chumvi ya kitu hiki inawatuliza watu waliopanda kama nilivyopanda mimi. Mtunga zaburi anasema Bwana ni jabali langu. Mimi kila usiku nameza kipande cha jiwe na kusema amina.

[Msemaji akameza dawa.]

Tuendelee. Nimefanya hivi mbele yenu kwa makusudi, kwa sababu najua hapa ndani kuna watu wanaomeza dawa zao chooni wakiwa wamefungua bomba la maji ili mke asisikie mfuko ukichakacha.

Lakini dawa hii si ya kuchezea. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni majirani wa ukuta mmoja, ndiyo maana tunapimwa damu mara kwa mara, masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, na figo na tezi ya shingo nazo huangaliwa. Mwili ukikosa maji, lithiamu hujikusanya kwenye damu na inaweza kumtia mtu sumu. Mmeona tunakoelekea? Kufunga kavu, bila hata maji, kwangu mimi ni hatari. Na kukosa usingizi ni mojawapo ya njia za uhakika za kumpandisha juu mwenye ugonjwa kama wangu. Kwa hiyo mkesha nao ni hatari. Nguzo mbili ambazo kanisa letu hupimia mtu wa rohoni, mfungo na mkesha, ndizo mbili nilizokatazwa. Kwa miaka kadhaa nilijiona mkristo wa daraja la pili. Wenzangu wakiingia kwenye mkesha, mimi nafunga mlango wa chumba changu saa nne usiku kama mtoto wa shule.

Kilichonitoa hapo ni nusu mstari wa Zaburi 127: "Yeye humpa mpenzi wake usingizi." Humpa mpenzi wake. Nikaanza kulala kama mtu anayepokea. Napiga magoti kidogo, nataja majina ya wale walio kwenye mkesha, nazima taa. Nafunga pia, kwa kuacha vitu vingine, simu mojawapo, na hiyo nawaambieni ni jangwa la kutosha. Wachungaji mlioko hapa, mkitangaza mfungo ongezeni sentensi moja tu: mwenye dawa azungumze kwanza na daktari wake. Haipunguzi upako.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mwaka wa nne wa ugonjwa nilikwenda kwenye mkutano wa maombezi. Mhubiri aliniita mbele, akaniombea, akasema umefunguliwa, sitaki kuona dawa tena mkononi mwako. Nami nilitaka hivyo kuliko yeye. Nikatoa ushuhuda. Watu wakasimama, wakashangilia. Usiku ule nikazitupa dawa. Haikupita miezi miwili nikarudi wodini, safari hii nikiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza, kwa maana lithiamu ikikatishwa ghafla ugonjwa hupenda kurudi kwa kasi. Ushuhuda niliutoa mbele ya ukumbi uliojaa. Walionitembelea wodini walikuwa wawili.

Sipingi uponyaji. Naombewa, nawekewa mikono, napakwa mafuta, na ninaamini Mungu aweza. Ninachosema ni kwamba hakuna mtu aliyepona akaharibikiwa kwa daktari kuthibitisha. Wale wakoma kumi Yesu aliwaambia nini? "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kajionyesheni kwa anayehusika na kupima. Mwenye kuwaachisha watu dawa jukwaani hatakuwepo saa nane ya usiku mtu huyo akiwa juu ya paa.

Na mapepo? Najua mnataka kuuliza, basi nijibu upesi. Soma Mathayo 4:24. Walileta kwake wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza. Mwandishi mwenyewe amewataja mbalimbali. Miaka elfu mbili iliyopita waliweza kutofautisha, sisi leo tunaweka wote kwenye kapu moja kwa sababu kukemea ni kazi fupi na kuuguza ni kazi ndefu. Nimekemewa mara nyingi. Nawaambia kitu kimoja: anayekemewa kwa ugonjwa anasikia. Hata ukimwona amekodoa macho, anasikia, anaelewa kwamba nyinyi mnadhani ndani yake hayumo yeye bali kitu kingine. Ukishasikia hivyo juu yako kanisani, utajipeleka wapi?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na ugonjwa wa akili wa namna moja au nyingine. Hesabuni benchi mlilokalia. Msigeuke kutazamana, hesabuni tu.

Shuhuda zetu zina kasoro moja: zote huisha jua likiwa limechomoza. Ningependa niwasimulie moja ambayo haikuisha hivyo. William Cowper alikuwa mshairi Mwingereza wa karne ya 18. Mwaka 1763, akiwa anasubiri kuhojiwa kwa ajili ya kazi, akili yake ilianguka, akajaribu kujiua, ndugu zake wakampeleka kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili iliyosimamiwa na daktari Mkristo. Humohumo, katikati ya wagonjwa, mwaka uliofuata, alifungua Biblia kwenye Waraka kwa Warumi akampokea Kristo. Kama angekuwa kwetu, tungemkatishia hapo na kumpigia makofi. Akapata rafiki, mchungaji John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa, wakatunga pamoja nyimbo za kanisa zilizochapwa mwaka 1779, na baadhi yake zinaimbwa hadi leo. Lakini mwaka 1773 ugonjwa ulirudi. Cowper akasadiki kabisa kwamba Mungu amemkataa yeye binafsi, milele. Alihamia nyumbani kwa Newton, akakaa humo zaidi ya mwaka, hataki kutoka. Newton hakumfukuza. Cowper aliishi hadi mwaka 1800, akipata nafuu, akianguka, akiendelea kuandika, na giza lile la kukataliwa halikumwacha. Alikufa akiwa nalo.

Basi, Cowper alikuwa na imani au hakuwa nayo? Miaka ile niliyokuwa na soksi mkononi nilimfikiria sana. Nyimbo zake zilikuwa zinawafariji watu makanisani wakati yeye mwenyewe hawezi kuamini hata mstari mmoja kwa ajili yake. Mimi nadhani alikuwa nayo, ila ilikuwa imetunzwa nyumbani kwa Newton, kama mtu anavyomwachia jirani funguo.

Biblia nayo ina zaburi ya namna hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio, katikati ni kilio, na mstari wa mwisho unaishia gizani. Hakuna "lakini nitamsifu." Kwaya nyingi haziiimbi, na mimi nawaelewa, haina kiitikio. Lakini mtu aliamua ibaki ndani ya kitabu cha ibada. Maana yake kuna usiku ambao ibada yote uliyo nayo ni kulalamika ukiwa umeelekea upande alipo Mungu.

Ndiyo maana nawarudia wale wanne. Marko sura ya 2, yule mwenye kupooza, amebebwa na watu wanne, wakatoboa dari. Andiko linasema Yesu alipoiona imani yao. Yao. Yule aliyelala hatuambiwi aliamini nini. Labda alikuwa anaona aibu, labda alikuwa anaogopa kamba zitakatika. Siku ile ya teksi mimi sikuwa na imani, nilikuwa na wazimu. Dada alikuwa nayo, mzee alikuwa na pambio, jirani alikuwa na nguvu za mikono, na yule dereva alikuwa na gari na huruma. Waliniteremsha mbele ya daktari kupitia mlango wa dharura, na kwa hesabu zangu hiyo ni dari.

Pale Geel, mji mdogo wa Ubelgiji, watu walikuwa wanaleta wagonjwa wao wa akili kanisani tangu zama za kati kuombewa. Walipozidi nafasi, waumini wakaanza kuwachukua nyumbani kwao. Mgonjwa anakaa na familia, ana kiti chake mezani, anafanya kazi anazoweza. Desturi hiyo haijafa hadi leo. Hawakungoja apone kwanza ndipo apewe kiti.

Hapa ndipo ninapogusa lile neno mlilonipa kwenye barua, "maana". Mliniomba niwaambie maana ya ugonjwa huu katika maisha yangu. Watu wema huniambia Mungu alikupa ugonjwa huu kwa kusudi. Mimi nanyamaza, kwa adabu, lakini sikubaliani nao. Wanafunzi waliuliza habari za yule kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, na Yesu akakataa kuwapa wa kumlaumu. Akatema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Sijui kwa nini mimi. Nimeacha kuuliza, si kwa sababu nimepata jibu, nimechoka tu kuuliza na kuna mambo mengine ya kufanya. Ugonjwa wenyewe sijauona una maana yoyote. Umenila kazi mbili na uchumba mmoja, na kumbukumbu za karibu mwaka mzima. Siwezi kuuita zawadi.

Lakini kuna vitu vimetokea kando yake. Lithiamu hunitetemesha mikono, hata sasa mnaona karatasi. Zamani kwenye meza ya Bwana nilikuwa naogopa kupokea kile kikombe kidogo. Jumapili moja kilinimwagikia, divai ikatapakaa kwenye kitambaa cheupe, nikataka ardhi ipasuke. Mama mzee aliyekuwa anahudumu hakusema kitu. Alijaza kingine, akaiweka mikono yake miwili juu ya yangu miwili, tukakipandisha pamoja hadi mdomoni. Naye mikono yake inatetemeka, kwa uzee. Kwa hiyo kilikuwa kinatetemeka kwa sababu mbili. Tumefanya hivyo kila mara tangu siku ile, bila kuzungumza habari zake hata mara moja. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mwili wa Kristo. Kwangu mimi ni vidole vya yule mama.

Kama kuna mtu hapa ambaye jioni hii amekuja akiwa anafikiria kuutoa uhai wake, naomba asitoke peke yake. Hutakiwi kueleza vizuri wala kuanzia mwanzo. Mshike mkono mtu aliye karibu nawe, sema "mimi", inatosha. Na wewe uliyeshikwa mkono, usianze kuhubiri. Kaa naye, usimwache, na mwende pamoja hospitali usiku huuhuu, hata kama ni saa sita.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimeiona, baba.

Najua kitakachotokea nikishuka hapa. Mtu mmoja atanifuata pale mlangoni, atanivuta pembeni, aniulize kwa sauti ya chini: "Dada, lakini umepona?" Nimjibu hapahapa, nisimchoshe kusubiri. Jumanne nina kliniki. Nakwenda kupimwa damu, na benchi za pale mnazijua, ukikaa masaa manne mgongo unaanza kunena kwa lugha. Kuna mama amenitafuta wiki hii, ana kijana wake ambaye amemficha ndani karibu mwaka sasa, anamleta kwa mara ya kwanza na anaogopa kuingia getini. Tupo watatu wa kumsindikiza kijana: mama yake, dada yangu na mimi. Gari lina nafasi moja bado. Tunaondoka hapa kanisani saa kumi na mbili na nusu asubuhi.